Magunia tisa yaliyoshinda kumi na mawili

Mwaka ule masika ilipokatika mapema, mjomba alivuna magunia tisa ya mahindi kwa eka, tambarare ya chini ya Moshi. Majirani walipata manne, matano. Mwaka uliotangulia alipata kumi na mawili, ila kila mtu alipata kumi na mawili. Mwenyewe anajisifia yale tisa. Mkewe, anayepima unga wa kula, hataki kusikia.

Wapenzi wa besiboli ya Marekani wana ubishi huohuo: mtu apimwe kwa alichopata, au kwa alivyowazidi wenzake? Kwa kipimo kiitwacho wRC+, mpigaji hukadiriwa mikimbio anayochangia, yaani pointi za mchezo huo, kisha analinganishwa na mpigaji wa kawaida wa ligi mwaka huo. Wa kawaida ana 100. Mwenye 130 amezidi kwa asilimia 30.

Tuchukue wastani wa mipigo tu, kipimo cha zamani: sehemu ya majaribio ya mpigaji yaliyozaa pigo zuri. Mwaka 1930 Bill Terry alifikisha 0.401, na mwaka 1968 Carl Yastrzemski akaongoza ligi yake kwa 0.301. Kwa macho, Terry kamwacha mbali. Lakini ligi ya Terry ilikuwa na wastani wa 0.303, ya Yastrzemski 0.230, wanaowarushia wapigaji mpira wakiwa wametawala. Gawanya: kila mmoja kawazidi wenzake kwa asilimia 31 au 32. Hapo mjomba ana haki.

Uwanja nao hurekebishwa. Denver, jiji la Marekani lenye timu ya ligi kuu, liko mita 1,600 hivi juu ya bahari, limeipita hata Arusha. Hewa nyepesi, mpira unaruka mbali. Wapigaji wa huko hupunguziwa, kama vile mwenye kihamba, shamba la huko mlimani, chenye mfereji asivyopaswa kututambia sisi wa tambarare. Larry Walker, aliyecheza huko miaka mingi, bado alibaki na 140 hivi baada ya kupunguziwa, na hata hivyo alisubiri kuingizwa Ukumbi wa Heshima, wa magwiji wa besiboli, hadi 2020, kura yake ya kumi na ya mwisho.

Shaka yangu iko kwenye panga hilo la kupunguza, moja kwa wote: apigaye mipira ya chini, ambayo hewa haiisaidii sana, hukatwa sawa na apigaye ya juu. Tena kipimo hakiulizi pigo lilikuja lini. La kuokoa mechi na la timu iliyokwishazama huhesabiwa sawa.

Kusajili mchezaji, ningetumia namba hii bila kusita. Kumpa tuzo ya mwaka, ningechungulia ghala kwanza. Mwaka ule wa magunia tisa, mke wa mjomba alinunua mengine matatu sokoni.