Mwalimu wa wiki tatu

Kuanzia mwezi wa sita, Moshi na Arusha hujaa vijana kutoka Ulaya na Marekani waliokuja kujitolea. Wengi wana mlima au Serengeti kwenye ratiba yao, na katikati hapo wanafundisha watoto wa shule ya msingi kwa wiki mbili, tatu au nne. Juni yenyewe shule za serikali zinafunga, hivyo wengine hupelekwa kwenye chekechea za binafsi na vituo vya yatima, wengine wanatufikia Julai muhula wa pili ukianza.

Nimefundisha darasa la pili miaka kadhaa chini ya Kilimanjaro, watoto 94 na mwalimu mmoja. Mwaka mmoja tulipokea wageni watano, huyu akiondoka yule anaingia. Kila mmoja alianza na wimbo uleule wa kutaja viungo vya mwili kwa Kiingereza, kisha rangi. Alipofika wa tano, watoto walishika kichwa kabla hajafungua kinywa. Akaniambia kwa furaha kwamba hajawahi kuona watoto wepesi namna ile. Mimi nilikuwa nawatazama 12 wa nyuma, ambao mpaka siku hiyo walikuwa hawajui kuunganisha "ba" na "ta" wakapata "bata".

Darasa la kwanza na la pili kazi yetu kubwa ni KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu, na ni kwa Kiswahili. Mtoto akiandika "ngombe", lazima mwalimu aseme naye "ng'ombe" polepole, kisha "ngoma", mpaka sikio lake litofautishe, ndipo mkono ukumbuke kuweka ile alama juu. Mgeni ambaye mwenyewe hasikii tofauti hiyo ataweka vema na kuendelea. Daftari linarudi nyumbani na vema nyekundu, na mzazi anajua mtoto wake amepata.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi wenyewe si watu wa kupokea mwalimu yeyote tu. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, walipochukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu hukohuko kazini, tuliwaita walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na jina lile halikuwa la sifa. Miaka ya 2000 shule za sekondari za kata zilipoongezeka, waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa madarasani. Wakaitwa voda fasta, kama salio la simu linaloingia chapchap. Wazazi walilalamika, na walikuwa na haki. Lakini voda fasta alijua lugha ya mtoto, na Novemba alikuwa bado yupo. Leo anakuja kijana wa miaka 19 asiye na hata hizo wiki chache, na tunampangia kipindi siku hiyohiyo.

Pamoja na hayo, siwezi kusema wageni wasije. Peace Corps ya Marekani ilileta watu wake Tanganyika tangu 1961, na waliotumwa kwetu kama walimu, wengi wao wa sayansi na hisabati za sekondari, hukaa miaka miwili, baada ya miezi kama mitatu ya mafunzo ambamo wanakaa na familia na kujifunza Kiswahili. Kuna watu wazima nchi hii wanaojua kukokotoa kwa sababu ya walimu hao.

Nami nilipata mmoja wa aina hiyo, mama mstaafu aliyefundisha kwao karibu miaka 30. Siku ya kwanza alikataa kushika chaki. Akaomba kukaa dawati la nyuma. Wiki ya tatu akaniuliza, "Mwalimu, nikuchukulie wangapi?" Nikampa watano kati ya wale 12. Akawa anakaa nao chini ya mwarobaini na kadi za silabi alizokata kwa boksi la sabuni, mimi nikiendelea na wengine 89 ndani. Kila jioni aliniletea kadi zake nimsahihishe matamshi. Alikaa miezi saba. Wanne kati ya watano walifunga mwaka wanasoma sentensi. Mwalimu mwenye watoto 94 anajua jozi moja ya mikono ya ziada ina thamani gani, nami sitaki kuidharau.

Suala la fedha halina jibu jepesi. Ada anayolipa mgeni kwa kampuni iliyomleta, shuleni kwetu hatukuiona; tuliona peremende na mipira. Wakati huohuo tulikuwa na binti mwenye astashahada ya ualimu anayejitolea kwa posho ya wazazi, shilingi 100,000 kwa mwezi, na mwezi mwingine haikupatikana. Nchi nzima wako wengi kama yeye: nafasi za ualimu zilizotangazwa mwaka 2024 hazikufika 15,000, na waombaji walipita 200,000. Nauli ya mgeni mmoja ingemlipa binti yule zaidi ya mwaka. Ila kusema kweli, mgeni asingekuja, nauli ile isingefika kwa binti. Ingebaki kwao. Ndiyo maana hoja ya "tumeni hela, msije" hainiridhishi, ingawa hesabu yake ni sahihi.

Kwenye usalama wa watoto sina mizani. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilimfunga kijana miaka 40 kwa kuwadhalilisha watoto wa kituo kimoja cha Nairobi alikokuwa akijitolea. Mwalimu wetu anapoajiriwa tunataka vyeti na wadhamini. Mgeni anatakiwa kuwa na kibali cha ukaazi cha daraja C, lakini kibali kinasema ana ruhusa ya kuwepo nchini, hakisemi aliwahi kufanya nini kwao. Shule idai barua ya polisi ya nchi yake, na mgeni asiachwe peke yake na watoto, hata awe mpole kiasi gani.

Mwalimu mkuu wetu wa sasa amebadilisha utaratibu. Mgeni anapewa mwalimu, hapewi darasa, na chini ya muhula mzima hapokelewi. Mwaka huu maombi yamepungua sana. Amekuja mmoja, kijana wa Kidenmaki, atakuwepo mpaka Desemba. Wiki iliyopita nilimkuta dawati la nyuma na mtoto wa miaka minane anamshika kidevu akimwambia, "Siyo hivyo, mwalimu. Sema ng'."