Mgoni afungwe, na mwenye ndoa je?

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye steshenari moja Moshi mjini, nasubiri fotokopi. Mbele yangu kaka mmoja wa makamo alikuwa anaprinti mazungumzo ya WhatsApp aliyoyapiga skrinshoti kwenye simu ya mkewe. Kurasa arobaini na kitu. Dada wa mashine alikuwa anazigeuza kifudifudi kila zinapotoka, kwa adabu tu, ili sisi wengine tusisome. Zilipokwisha, yule kaka akauliza bila kumlenga mtu: "Hizi zinatosha kumfunga huyu bwana?"

Hazitoshi, na hata zingefika mia nne zisingetosha. Tanzania Bara hakuna kosa la jinai linaloitwa ugoni, yaani kuzini na mume au mke wa mtu. Kilichopo ni kifungu cha 72 cha Sheria ya Ndoa ya 1971: mume au mke anaweza kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzi wake. Ni madai kama madai mengine, unaweza kuyafungua hata Mahakama ya Mwanzo, na ushahidi unapimwa kwa kuangalia wa nani mzito zaidi. Si lazima umkute mtu kitandani. Mdaiwa naye ana pa kupenyea: akithibitisha kwamba hakujua, na hata angechunguza vipi asingejua, kwamba huyo ni mke au mume wa mtu, fidia hakuna. Na ikionekana mlalamikaji mwenyewe aliridhia au alifumbia macho, kesi inatupwa.

Ukilieleza hili kijiweni, iwe Kiboriloni au Ngarenaro kule Arusha, utachekwa. Fidia? Aliyevunja nyumba yangu anilipe kama aliyekanyaga mahindi yangu? Afungwe. Na wanaosema hivyo wana hoja, tusiwapuuze.

Kwanza, fidia ni nyepesi kwa mwenye pesa. Kifungu cha 74 kinakataza isigeuzwe adhabu. Hakimu anaambiwa aangalie mila za jamii ya wahusika, na kama wanandoa walikuwa wanaishi pamoja au walishatengana. Tajiri analipa kisha anarudi baa ileile, meza ileile. Kinyume chake, mama wa nyumbani akimshitaki mchepuko wa mumewe ambaye ni muuza mitumba, atashinda kesi na kubaki na hukumu ya kuweka kabatini.

Pili ni panga. Anayeua papo hapo kwa kughadhibishwa, pengine baada ya kufumania, anaweza kuhukumiwa kwa kuua bila kukusudia badala ya mauaji, ambayo adhabu yake ni kunyongwa. Maana yake sheria inaijua hasira hiyo vizuri. Basi, wanauliza hao wanaotaka jela, kwa nini serikali isubiri damu ndipo iitambue?

Hoja hii ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu mtu asiyeona mlango wa mbele anapita wa uani. Fumanizi linapangwa na mashemeji, mlango unafungwa kwa nje, simu zinarekodi, kisha yanaanza mazungumzo: toa milioni mbili yaishe. Saa moja baadaye aliyeibiwa mke ndiye mwenye makosa mengi kuliko mgoni. Kamfungia mtu, kampiga, kadai pesa kwa vitisho, na akiisambaza ile video ya watu watupu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamsubiri. Mgoni anatoka na jeraha na kesi nzuri.

Je, jela ingeyamaliza haya? Waliojaribu wana habari zao. Korea Kusini ilikuwa na kifungo cha hadi miaka miwili mpaka Mahakama ya Katiba ilipokifuta Februari 2015. Kule hukuweza kumlalamikia mwenzi wako bila kwanza kufungua kesi ya talaka, na ukiondoa malalamiko kesi inakufa. Kwa hiyo jela ikawa rungu la kupatania mali: saini hapa, nikuondolee kesi. Fumanizi letu la milioni mbili, tofauti yake ni kwamba lao lilikuwa na mhuri.

Uganda mahakama ilikifuta kifungu chao mwaka 2007 kwa sababu kilikuwa na jicho moja: mke wa mtu akitoka na mwanamume yeyote ni kosa, mume akitoka na binti asiye na ndoa si kosa. Rwanda bado wanafunga, kwa malalamiko ya mwenye ndoa tu. Arusha ndiyo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo Mganda na Mnyarwanda wanaweza kukaa meza moja ya nyama choma pale, jambo lilelile nchini kwao likawa dhambi tu kwa mmoja na gereza kwa mwingine.

Lakini mfano unaotugusa sisi hasa ni Taiwan. Huko mwenye ndoa aliruhusiwa kumsamehe mwenzi wake na kuendelea kumshitaki yule wa nje. Wake walikuwa wanawasamehe waume, wanawake wa nje wanahukumiwa, na wanawake wakawa wanatiwa hatiani zaidi kuliko wanaume. Mahakama ilifuta kosa hilo Mei 2020.

Sasa rudi kwenye kifungu chetu cha 72. Kinamdai nani? Mtu wa nje peke yake. Aliyekula kiapo, aliyevaa pete pale kanisani au aliyeitikia mbele ya sheikh, haandikwi popote kwenye madai. Yeye atafikiwa kwa kesi ya talaka au ya kutengana tu, ambapo ugoni ni moja ya dalili kwamba ndoa imevunjika. Ukitaka kuachana, sheria ina la kumfanya mwenzi wako. Ukitaka kubaki naye, inakupa mtu mwingine wa kumkasirikia.

Kuna wanaoona hiyo ni busara: nyumba inapona, watoto wanalala na wazazi wote wawili. Sikatai. Afrika Kusini, mwaka 2015, Mahakama ya Katiba ilithibitisha kufutwa hata kwa fidia, kwamba si kazi ya sheria kushikilia ndoa ambayo wenyewe wameiachia. Hapo mimi nasita. Kwetu fidia bado ina kazi, hata ikiwa ndogo, maana inamwambia mwenye uchungu kwamba kuna meza ya kupeleka neno lake mbali na panga. Jela siitaki. Nikifikiria askari wa upelelezi akipekua shuka za watu, na nani atakayekuwa na nauli ya kufuatilia jalada, najua atakayefungwa ni yupi.

Uchagani mkosaji anakuja na jani la sale mkononi, alama ya kuomba msamaha, wazee wanakaa, mbege inamiminwa, na anayeombwa aseme ni yule aliyekosa ndani ya nyumba. Sitaki kuipamba mila: nimewahi kukaa vikao vya namna hiyo na sijaona mume akibebeshwa sale kwa mchepuko wake mara nyingi kama mke. Ila angalau swali linaulizwa pale linapostahili.

Nilimweleza yule kaka kwa kifupi: jela hakuna, fidia ipo, na skrinshoti atatakiwa kuonyesha zimetoka simu gani, nani alizipiga, na kwamba hazijachezewa.

"Na mke wangu anaandikwa wapi?"

"Haandikwi. Labda awe shahidi."

Akanyamaza. Akazifunua zile kurasa, akasoma mbili tatu, kidole kikishuka upande wa kulia, zilipo meseji za mwenye simu. Kisha akamwuliza dada wa mashine kama inawezekana kuprinti tena, za upande wa kushoto tu.