Boma la Guppa

Mwanangu wa kike ana miaka 9 na ana tangi la samaki. Lilikuwa la jirani yetu aliyehamishiwa Dodoma kikazi. Akaona akilisafirisha kioo kitapasukia njiani, basi akatuachia, pamoja na pampu yake inayokoroma usiku kucha na samaki 6 wadogo. Madume wana mikia iliyochanua kama kanga iliyoanikwa penye upepo, ya rangi ya chungwa na buluu. Majike wamepauka, wana matumbo makubwa, hawana cha kuonyesha. Muuza chakula cha samaki alituambia hao ni gapi. Siku moja mtoto akasoma maandishi ya kwenye kopo, herufi kwa herufi, kisha akaniuliza, "Mama, huyu Guppy ni nani?"

Nikamjibu kwamba ni jina la samaki tu. Nilimjibu vibaya. Guppy ni jina la ukoo wa watu, jina adimu la Kiingereza, na nimekuwa nikilifuatilia tangu siku ile kwa hamu ambayo wa nyumbani wameshaizoea.

Aliyempa samaki jina ni Robert John Lechmere Guppy, aliyezaliwa London mwaka 1836. Alitangatanga hadi New Zealand, mwishowe akaweka makazi Trinidad, akawa mkaguzi wa shule na mkusanyaji wa makombe na visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe. Alipeleka samaki wa huko kwenye Makumbusho ya Uingereza mjini London, na mwaka 1866 mtaalamu wa hapo, Albert Günther, akamwita samaki yule Girardinus guppii kwa heshima yake. Kumbe samaki alikuwa ameshaandikwa miaka 7 nyuma, mwaka 1859, kutokana na sampuli za Caracas, na Mjerumani Wilhelm Peters, yule yule aliyekuwa amezunguka Msumbiji miaka ya 1840 akikusanya wanyama na mimea ya pwani yetu. Kwa kanuni za sayansi wa kwanza ndiye mwenye haki, hivyo jina la kitaalamu leo ni Poecilia reticulata. Lakini mitaani lilishika la Guppy. Baadaye samaki hawa walimwagwa kwenye madimbwi na mitaro ya nchi nyingi za joto ili wale viluwiluwi vya mbu, Kenya na Uganda zikiwemo, na jina likaenda nao.

Ila huyo wa Trinidad naye alilirithi. Ukitaka kujua lilikotoka inabidi urudi magharibi mwa kaunti ya Dorset, kusini mwa Uingereza, si mbali na mji wa pwani wa Lyme Regis. Kuna kijiji kinaitwa Wootton Fitzpaine, na katika eneo lake pana mahali panaitwa Guppy. Ni bonde la udongo wa mfinyanzi, mashamba madogo madogo na nyua za miti. Kwa Kiingereza cha kale, cha kabla ya Wanormani kuivamia nchi mwaka 1066, maana yake ni boma la Guppa. Guppa ni mtu. Kipande cha mwisho ni neno hæg, yaani mahali palipozungushiwa uzio. Sisi tungesema Kwa Guppa, kama leo unavyopanda daladala ukashuka Kwa Azizi Ali bila ya kuwahi kumwona Azizi Ali mwenyewe.

Hapa ndipo nilipoanza kulipenda jina hili. Mtu anayeishi kwenye boma la Guppa hana haja ya kuitwa kwa jina la boma, maana wote wanaomzunguka ni wa pale pale. Ukiwa Wete hakuna anayekuita Mpemba. Ukishuka bandarini Dar ndipo jina linapokupokea. Kwa hiyo majina ya ukoo ya Kiingereza yaliyotokana na mahali, mara nyingi sana, yalianza siku mtu alipoondoka. Kuna mtu wa boma hili aliyehamia kijiji cha pili au cha tatu, labda mwendo wa asubuhi moja tu, na wenyeji wakamtambua kwa kwao alikotoka. Watoto wake waliozaliwa ugenini wakabaki nalo. Kufikia mwaka 1400 hivi, majina ya namna hiyo yalikuwa yameshaganda kwa familia nyingi za Uingereza, yakirithiwa na mtoto kwa baba, hata kama mtoto hajui boma lilikuwa wapi. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, akaagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi kwenye daftari, nao makarani wakaandika walivyosikia: Guppy, Guppey, Guppie.

Wanaotafuta asili ya majina yao wengi hutamani kumkuta mfalme mwishoni, au angalau shujaa mwenye nembo na upanga. Mimi naona uzio wa mkulima mmoja asiyejulikana una thamani kubwa zaidi, kwa sababu unaweza kwenda ukasimama mbele yake. Chukua Smith. Maana yake ni mhunzi, na kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, hivyo jina lilichipuka mara mamia, kila mahali, kwa watu wasio na undugu wowote. Mtu anayeitwa Smith hawezi kukuambia ametoka wapi. Guppy anaweza, maana jina lake lina mlango mmoja, au michache sana.

Tena kuna mtu wa jina hilo hilo aliyeligundua jambo hili na kulifanyia kazi. Henry Brougham Guppy alizaliwa Falmouth mwaka 1854, akawa daktari wa meli za kivita, akafika Visiwa vya Solomon, katika bahari ya Pasifiki, miaka ya 1880. Alipenda kitu kimoja: kujua vitu vinasambaaje. Alichukua mbegu za mimea ya pwani akaziloweka kwenye maji ya bahari, akahesabu siku zinazoelea kabla ya kuzama, ili ajue ipi inaweza kuvuka bahari na ipi haiwezi. Aliandika juu ya mikoko na nazi kwa subira ya mtu aliyekaa ufukweni akatazama maji kujaa na kupwa. Na katikati ya kazi hizo, mwaka 1890, akachapisha kitabu juu ya makazi ya majina ya ukoo nchini Uingereza.

Njia yake ilikuwa rahisi na ya busara. Alichukua vitabu vya anwani vya kila kaunti akahesabu wakulima peke yao. Mkulima, alisema, ndiye anayebaki na ardhi yake wakati wengine wanahama, hivyo jina lake litakuonyesha chimbuko. Kila jina lililofikia wakulima 7 katika kila 10,000 wa kaunti aliliorodhesha. Akayapanga majina kwa kuenea kwake, kutoka yale yaliyojaa nchi nzima mpaka yale yasiyotoka nje ya kaunti moja. Ukisoma mbegu na majina yake kwa pamoja unaona ni swali lile lile: hiki kimefikaje hapa?

Naiheshimu sana kazi ile. Lakini ukihesabu wenye mashamba tu unaona waliobaki. Dorset ya karne ile ilikuwa na umati wa vibarua wa kulima wasiomiliki hata tuta moja. Mwaka 1834 sita kati yao, wa kijiji cha Tolpuddle, walihukumiwa kupelekwa Australia kwa kula kiapo cha kuungana, baada ya ujira wao kushushwa kutoka shilingi 9 kwa wiki hadi 7, huku wakitishiwa 6. Watu wa namna hiyo ndio waliobadilisha ramani ya majina. Walipita bandari ya Poole kwenda kuvua chewa Newfoundland, kisiwa cha mashariki mwa Kanada, wakaingia Bristol na London, na reli ilipofika wakaenda mbali zaidi. Jina lililokaa miaka mia nne katika mabonde machache likatawanyika ndani ya vizazi viwili. Na majina mengine adimu yalikufa kabisa, kwa sababu nyumba moja ilikosa watoto wa kiume. Francis Galton na Mchungaji Henry William Watson walikaa mwaka 1874 wakaipigia hesabu bahati hiyo mbaya, na hesabu yao inatumika hadi leo.

Siku hizi shahidi mwingine ni damu. Kromosomu Y, kipande cha urithi walicho nacho wanaume tu, hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, sawa na jina la ukoo, kwa hiyo vyote viwili vinapaswa kusafiri pamoja. Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha mwaka 2009 uchunguzi wa majina 40 ya Uingereza. Kwa Smith hawakukuta kitu: wanaume wawili wanaoitwa Smith hawana undugu zaidi ya wapita njia wawili. Lakini kwa Attenborough, jina adimu, karibu 9 kati ya kila wanaume 10 waliopimwa walibeba kromosomu ya asili moja. Mzee mmoja, karne kadhaa nyuma, na wote wale ni wajukuu zake.

Miaka miwili kabla ya hapo timu hiyo ilitoa habari iliyonifanya niweke simu chini. Walimpima Mwingereza mmoja mweupe, wakakuta kromosomu yake ni ya kundi A1, ambalo lilikuwa limeonekana kwa watu wachache tu wa Afrika Magharibi. Jina lake la ukoo ni adimu, la mashariki mwa Yorkshire. Hawakulichapisha, na walifanya vyema. Wakatafuta wanaume wengine wa jina hilo, wakapima 18, na 7 wakawa nayo. Nyaraka ziliwaunganisha katika koo mbili zinazorudi hadi miaka ya 1780, huko huko Yorkshire. Hakuna aliyekuwa na habari. Inaelekea kuna Mwafrika, au mzao wa Mwafrika, aliyefika kaskazini mwa Uingereza, akazaa, akazikwa, akasahaulika. Kilichomtunza ni kwamba wazao wake walibeba jina lisilo la watu wengi. Wangeitwa Smith, nani angejua aende kumpima nani?

Pamoja na hayo, kuna jambo linanikera, na limenikera zaidi kila nilivyosoma. Jina la ukoo na kromosomu Y ni mashahidi wawili wenye jicho moja, tena jicho lile lile. Wote wanaona baba na mwana.

Bristol mwanzoni mwa karne ya 19 kulikuwa na mama mwenye akili isiyolala. Mwaka 1811 alipata hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya namna ya kujenga madaraja juu ya nguzo zilizopigwa chini kwa uimara. Mwaka uliofuata akapata nyingine, ya birika la chai linalochemsha yai na kuweka mkate joto kwa wakati mmoja. Mwaka 1831 akaleta kitanda cha kufanyia mazoezi. Mwanawe Thomas alishirikiana na mhandisi Isambard Kingdom Brunel katika reli ya Great Western na katika meli ya chuma Great Britain, iliyoshushwa majini Bristol mwaka 1843, kisha akahamia Napoli, Italia, akafungua kiwanda cha mitambo, akafia huko mwaka 1882. Ndiyo jinsi jina la boma la Dorset lilivyofika Napoli.

Mama huyo anajulikana kama Sarah Guppy. Lakini alizaliwa Birmingham mwaka 1770 akiitwa Sarah Beach. Guppy ni la mumewe Samuel, mfanyabiashara wa Bristol. Alipofiwa akaolewa tena mwaka 1837, akawa Sarah Coote, na kwa jina hilo akafariki mwaka 1852. Mtu mmoja, majina matatu, na kwenye ramani ya jina Beach hayumo, kwenye ramani ya Coote hana maana, na kwenye ile ya Guppy anahesabiwa kama wa boma ambalo hakuna tone la damu yake lililotoka huko. Kwangu mimi yeye ndiye Guppy aliyefanya makubwa kuliko wote, na hakuwa Guppy.

Mimi niliolewa miaka 14 iliyopita na kitambulisho changu hakikubadilika hata herufi. Bado ni binti wa baba yangu, na hivyo ndivyo nitakavyosomewa siku ya maziko yangu. Karani wa ofisi moja aliwahi kuniuliza kwa nini situmii la mume, kana kwamba nimesahau fomu. Lakini nikubali pia tunachokosa. Jina langu la tatu ni la babu, la mwanangu ni la babu yake, na kila kizazi kimoja kinadondosha jina la mwisho. Hakuna neno moja litakaloweza kumshika mjukuu wa mjukuu wangu mkono likamfikisha kwenye boma la mtu wetu wa kwanza. Waingereza wanalo neno hilo, lakini limewaacha nje mama zao wote. Natamani angekuwepo mtu wa kuhesabu kama Henry Guppy, akaanza upya na daftari zile zile za ndoa za parokia, safari hii akiwafuata mabibi harusi: aandike kila Beach aliyeingia boma la nani, na kila binti Guppy aliyetoka akawa nani. Taarifa zipo. Zimeandikwa kwa wino, mstari mmoja chini ya jina la bwana harusi.

Nilimsimulia mwanangu habari za Sarah tukiwa tunabadilisha maji ya tangi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yule jike mkubwa, aliyepauka kuliko wote, ndiye ataitwa Sarah binti Beach. Ameandika kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha plasta akakibandika pembeni ya kioo. Juzi usiku binti Beach amezaa. Gapi hawatagi mayai, huzaa watoto wakiwa hai, wembamba kama kope. Tumehesabu 17, na wawili wamejificha chini ya jani la plastiki, hawataki kutoka.