Mwalimu Mwezeshaji Akae Darasani, Siyo Mbele ya Projekta

Mtaala mpya ukija, walimu wachache huitwa semina, hurudi na makabrasha, kisha huambiwa wakawafundishe wenzao, nao wenzao wakawafundishe wengine. Kufikia ngazi ya tatu kinachobaki ni istilahi tu. Namna ya kuingia nayo darasani imeachwa njiani.

Nimewahi kuwa mwezeshaji wa aina hiyo. Kilichonifungua macho ni kuketi nyuma ya darasa la mwenzangu aliyenizidi miaka mingi kazini. Alikuwa anafundisha sehemu. Mtoto mmoja akaandika ubaoni 1/2 + 1/3 = 2/5. Mwalimu akamuuliza, kama mtaala unavyotaka, "Umepataje?" Mtoto akaeleza: amejumlisha za juu, akajumlisha za chini. Darasa likanyamaza. Mwalimu akashika dasta, akafuta, akaandika 5/6.

Baada ya kipindi sikumpa alama wala ushauri. Nilimuuliza tu, "Mwalimu, pale ulipofuta, ulikuwa unawaza nini?" Akasema aliogopa kipindi kitaisha. Tukachukua karatasi, tukaikunja na kuipaka rangi, tukaona kuwa 2/5 ni ndogo kuliko ile 1/2 ya kuanzia. "Kumbe wangeliona wenyewe," akasema.

Mazungumzo kama hayo hayaji yenyewe. Mtu hufundishwa kuyaendesha. Bruce Joyce na Beverly Showers, watafiti wa Marekani, walisisitiza tangu miaka ya 1980 kwamba nadharia na maonyesho havitoshi: mwalimu anahitaji kufanya mazoezi, kupewa mrejesho, na kuwa na mtu wa kumsaidia akiwa darasani kwake. Japani wana desturi ya walimu kupanga somo pamoja, mmoja akalifundisha huku wengine wakiwatazama wanafunzi, kisha wakalijadili somo lenyewe. Naipenda sana hiyo, maana anayechambuliwa si mwalimu.

Kwa hiyo mafunzo ya wawezeshaji yapunguze slaidi. Wafundishwe kutazama somo, kuuliza, na kunyamaza mwenzao anapofikiri. Wapewe vipindi vya kazi hiyo ndani ya ratiba, siyo saa za jioni watu wakiwa wamechoka. Na walichokiona darasani kisiende kwa mwalimu mkuu kama ripoti. Mwenzangu alinieleza hofu yake kwa sababu alijua sikuja kumkagua. Wiki iliyofuata aliniita mwenyewe: "Njoo kipindi cha pili, leo dasta nimeiacha ofisini."