Mjumbe Hauawi

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019. Tukanung'unika, tukazoea vikapu. Mimi mwenzenu utumbo ukaja kujisokota, nikapasuliwa usiku usiku, nikazinduka na mfuko wa plastiki umebandikwa tumboni. Vya hospitali havimo kwenye katazo, najua. Lakini mpaka leo nikipita mbele ya askari nabana pumzi kama mtu aliyeficha rambo.

Mfuko huo ndio choo changu. Daktari aliutoa utumbo mpana nje kidogo, kushoto kwa kitovu, akaushona pale. Ni kitu chekundu, kibichi kibichi kama ndani ya mdomo. Ukikigusa hakiumi, ila adabu hakina. Kule nyuma Mungu aliweka msuli wa kubana. Huku mbele hakuna breki. Kikitaka kusema, kinasema. Nimekiita Mjumbe, maana kazi yake ni kutoa habari za ndani, na mjumbe hauawi.

Sasa mke wangu Mchaga, na Mchaga ikifika Desemba humwambii kitu. Twende Moshi! Zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar, kwenye basi lisilo na choo.

Nesi akanipa masharti kama ya mganga. Beba mifuko mara mbili ya unayohitaji, na usiitenge nawe. Matundu ya kumpitisha Mjumbe yakate kabisa nyumbani. Usiiache kwenye joto, gundi italainika. Mfuko ukifika theluthi, mwaga, usingoje ujae. Nikapanga kibegi changu vizuri. Alfajiri pale stendi ya Mbezi, konda huyo, kakidaka.

"Mzee, hili linakwenda buti."

"Haliendi, mwanangu. Ni vifaa vya hospitali."

Akalipima kwa mkono. Jepesi. "Vifaa gani?"

Foleni nzima nyuma yangu imetega masikio. Nikasema kwa sauti ya chini, "Mifuko."

"Mzee! Mifuko si walishakataza?"

Tukakaa. Mkanda nao ukapita juu ya Mjumbe kabisa, ikabidi niushushe mapajani na kuweka kanga ya mke wangu iliyokunjwa. Mama wa siti ya pili mkarimu kweli: kanipa yai la kuchemsha, nimekataa. Kanipa soda, nimekataa. Kanipa bigijii, nimekataa. Yai linanuka likirudi, soda ni gesi tupu, na bigijii unameza hewa huku unatafuna. Mfuko una kichujio cha mkaa cha kuzuia harufu, sawa, lakini hata mkaa una kikomo chake. Mama akanikazia macho. Bila shaka aliamua kwamba mimi ni mwanaume mwenye maringo.

Tulipoiacha Chalinze, ndipo nikaonja utamu wa dunia. Nyuma yangu kijana alianza kulia, "Dereva, simamisha nichimbe dawa!" Dereva: "Mbele!" Kijana: "Kaka, hii si ya kungoja mbele!" Jasho linamtoka, magoti kayabana, anataja majina ya malaika. Haja ndogo mimi na ninyi ni sawasawa, sijidai. Lakini kwa hiyo nyingine, nilikaa kwenye siti yangu kama chifu, Mjumbe anafanya kazi zake kimya kimya. Karibu nimwambie kijana nami nishamaliza, tena hapa hapa.

Uchifu ukaishia Korogwe. Dakika ishirini, kula na choo. Mlangoni kijana na kopo la sarafu.

"Ndogo au kubwa?"

Bei tofauti, bwana. Nikasimama nawaza. "Kubwa," nikasema, "lakini sikai."

Akanitazama. "Mzee, hukai unafanyaje?"

"Chukua ya kubwa, baba, niache."

Choo cha shimo, cha kuchuchumaa. Msumari wa kutundikia hakuna, rafu hakuna, sakafu yote maji. Shati nimeliuma kwa meno, kibegi shingoni, chupa ya maji kwapani. Nimetanguliza karatasi shimoni ili uchafu usirukie viatu, nimeinama, nafungua mdomo wa mfuko polepole kama mtu anayemimina uji wa mtoto. Nikafika katikati, basi likapiga honi. Hiyo huwezi kuikatiza, nawaambia! Honi ya pili. Nikafuta, nikakunja, nikabana, nikatoka mbio, shati bado mdomoni.

"Mzee," konda akaniuliza mbele ya basi zima, "ulikuwa unajifungua?"

Moshi tumefika na jua la magharibi. Mama mkwe, Mungu amweke, alikuwa ametupikia kiburu: ndizi na maharage, chungu kizima, kwa heshima yangu. Maharage! Yai la watu nimelikataa tangu Chalinze, nimkatae mama mkwe? Nikala vijiko vitatu kwa ulafi wa kuigiza. Akaongeza sahani.

Kesho yake mchana ukoo mzima tumezunguka ndafu, baba mkwe kasimama anaombea chakula. Sala ndefu, anawataja marehemu mmoja mmoja. Kimya. Hapo ndipo kiburu kikamfikia Mjumbe, akatoa tamko, refu, lenye aya mbili.

Bibi mzaa mke, ambaye masikio yake yameshachoka, akafumbua macho na kuitikia, "Amina!" Watu wote wakaitikia, wakakaa, kisu kikaingia kwenye mbuzi, na baba mkwe akabaki amesimama na nusu ya marehemu mkononi.