Wimbo umenunua wewe, ufunguo anao muuzaji

Apple ilipofungua duka la muziki la iTunes huko Marekani, Aprili 2003, wimbo ulikuwa senti 99. Unalipa, unapakua, ni wako. Wako kwa masharti: faili limepigwa kufuli liitwalo FairPlay, na mwanzoni kompyuta zilizoruhusiwa kulifungua zilikuwa 3. Mwaka uliofuata zikawa 5.

Kompyuta 5 si haba, na sina ugomvi na idadi hiyo. Kampuni za muziki zilikuwa zimetoka kuumizwa na Napster, ambako kuanzia 1999 watu walibadilishana nyimbo bure. Bila kufuli zisingekubali hata kuziweka nyimbo zao dukani. Msanii naye ana haki ya kula jasho lake.

Ila kilichohesabiwa ni ruhusa, si kompyuta ulizo nazo. Ukiiuza ya zamani au ikafa ghafla kabla hujaiondolea ruhusa, nafasi yake inabaki imeshikwa na marehemu. Baadaye kikawekwa kitufe cha kufuta ruhusa zote kwa mpigo, nacho kikabonyezwa mara moja tu kwa mwaka.

Hayo bado ni usumbufu. Lililonitoa upande wa watetezi wa kufuli ni la Microsoft. Aprili 2008 iliwaarifu waliowahi kununua nyimbo katika duka lake la MSN Music kwamba baada ya Agosti 31 seva za kutoa ruhusa zingezimwa. Nyimbo zingeendelea kupigwa kwenye kompyuta zilizokwisha kuruhusiwa, lakini ukinunua mpya, au hata ukibadilisha mfumo endeshi, basi tena. Wateja walipiga kelele mpaka tarehe ikasogezwa hadi 2011. Mwaka huohuo wa 2008 Yahoo nayo ilifunga duka lake la muziki, ikaishia kuwapoza wateja kwa kuponi. Watu hawa hawakuiba kitu. Aliyepakua kiharamu hakuhitaji ruhusa ya seva yoyote. Aliyelipa ndiye aliyebaki mlangoni.

Na kufuli lenyewe lilizuia nini? iTunes iliruhusu kuchoma nyimbo kwenye CD, na kutoka hapo ungeweza kuzirudisha kwenye kompyuta zikiwa huru, ubora ukipungua kidogo. Steve Jobs, mkuu wa Apple, aliandika Februari 2007 kwamba mwaka uliotangulia nyimbo zilizouzwa mtandaoni zikiwa na kufuli hazikufika bilioni 2, ilhali kampuni hizohizo za muziki ziliuza zaidi ya bilioni 20 kwenye CD zisizo na kufuli. Ni kweli alikuwa akijitetea, maana Ulaya walikuwa wakimbana kuhusu FairPlay, lakini hesabu yake ilikuwa na uzito. EMI, mojawapo ya kampuni kubwa za muziki, ikakubali kuuza bila kufuli mwaka huo, kampuni nyingine kubwa Januari 2009. Waliokwisha kununua wakatakiwa kuongeza senti 30 kwa wimbo ili wafunguliwe, yaani kulipia mlango ambao ni wao.

Kwenye Spotify, huduma ya kusikiliza muziki kwa usajili, nyimbo ulizopakua zinakaa kwenye vifaa 5 tu, na sioni kosa, kwa kuwa hakuna aliyeniambia nimezinunua. Filamu na vitabu vya kidijitali ndivyo bado vina kitufe cha “Nunua” juu ya kitu kilichofungwa. Tangu Januari 2025 sheria ya California inamtaka muuzaji wa namna hiyo amweleze mteja waziwazi kuwa anachopata ni leseni.