Kabla ya kuifungulia soko karafuu, tuutazame mwani

Kila msimu wa karafuu ukikaribia hoja ni ile ile, soko lifunguliwe, ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, isiwe mnunuzi peke yake, kila mwenye pesa aje Pemba anunue na mkulima auze kwa anaemtaka. Wanaosema hivi nawaelewa khasa, maana historia iko upande wao. Miaka ya 70 na 80 serikali ilikuwa inachukua fungu kubwa la pesa ya karafuu, mkulima anabakishiwa kidogo, akachoka, mikarafuu ikaachwa ikazeeka, na usiku mashua za magendo zinavuka na karafuu kwenda Kenya. Mtu akikubali kuhatarisha mzigo wake na huku anajua KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, wako baharini, basi bei ya nyumbani imemshinda. Hilo halina ubishi.

Ila naona tunaihukumu ZSTC ya leo kwa makosa ya ile ya zamani. Tangu mageuzi ya 2011 utaratibu ni mkulima apate asilimia 80 ya bei ya dunia, na enzi za Rais Dk Shein karafuu ya daraja la kwanza ilikaa shilingi 14,000 kwa kilo miaka kadhaa, hata soko la nje lilipoyumba. Watu wanalipita hili haraka haraka kama jambo dogo, na mimi naliona ndo lenyewe. Mkarafuu unataka miaka sita mpaka minane ndo uanze kuzaa, na ukishaanza hauzai vizuri kila mwaka. Wachumaji wanataka pesa zao kwa pishi kabla mwenye shamba hajauza hata kilo, kuna kuchambua, kuna kuanika, mvua ikinyesha wiki ile una kazi. Sasa mtu huyu bei ikimwangukia katikati ya msimu ataenda wapi? Tena tumeshaangukiwa. Indonesia ndo alokuwa mteja wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake zinazotiwa karafuu, akapanda mikarafuu yake mpaka akajitosheleza, na sisi bei ikaporomoka.

Na hilo soko huria tunaloliota tunalo hapa hapa, ni mwani. Kilimo cha biashara kilianza 1989 pwani ya mashariki ya Unguja, kikaenea Pemba, na tangu mwanzo wanunuzi ni makampuni binafsi. Wakulima wengi sana ni kina mama. Kiko wapi sasa? Kampuni inampa mama kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, na alompa kamba ndo atakaemuuzia, kwa hiyo ule ushindani wa kwenye karatasi kijijini hauonekani, ni mnunuzi mmoja vile vile, tena huyu hana wa kumuuliza. Kilo moja kavu inatokana na kilo sita saba mbichi, mama kazitoa majini kiuno kinauma, anaambiwa mia kadhaa za shilingi. Aina ya mwani iitwayo cottonii ndo yenye bei kidogo na ndo inayokufa maji yakipata moto. Wengi wameacha. Miaka zaidi ya 30 ya soko huria, na mpaka leo sehemu kubwa ya mwani wetu inasafirishwa mkavu, ghafi, kusindikwa kwingi kuko kwa wenzetu, wakati makonyo ya karafuu ambayo ni mabua tu yanakamuliwa mafuta kiwandani Wawi, Pemba, na ZSTC hiyo hiyo inayotukanwa.

Wenye hoja ya kufungua soko wana swali moja zito ambalo sisi tunaoitetea ZSTC hatulijibu: asilimia 80 ya nini? Nani alioiona hiyo bei ya dunia iliopigiwa hesabu? Mkulima wa Konde anasikia tu bei imetangazwa. Hapo wana haki kabisa, na magendo hayatoisha kwa doria ikiwa mtu anaamini anapunjwa.

Tunasema tunataka kuuza nje vitu vingi tusitegemee utalii peke yake, na 2020 tulionja hoteli zilipofungwa. Basi hesabu ya kila msimu ibandikwe vituoni, Wete, Chake na Mkoani, karafuu imeuzwa nje kwa ngapi, gharama ngapi, mkulima ngapi. Na hiyo asilimia 80 ipelekwe kwenye mwani pia, tuanze na vijiji vya Paje na Jambiani ambako kina mama wamesubiri muda mrefu kuliko mtu yoyote.